Asidi za kikaboni kwenye maji ya kiwanda cha sukari: kolamu ya resini, C18 au kromatografia ya ioni?

Kiwanda cha sukari ya miwa chenye boila zake na mtambo wa spiriti ubavuni hupeleka maabara maji ya aina tatu kwa ombi lile lile: tupimieni asidi. Ya kwanza ni juisi ya vinuni, ambako bakteria wakishamiri huacha asidi laktiki. Ya pili ni kondenseti, yaani mvuke uliopoa ukawa maji na kurudishwa kwenye boila, ambako asidi asetiki na asidi fomiki hula chuma polepole. Ya tatu ni maji ya tangi la biogesi linalolishwa vinasi, yale mabaki ya kahawia yanayobaki molasi ikishachachuliwa na spiriti kukenekwa.

Ombi ni moja, maji ni matatu yasiyofanana. Kwenye tangi la biogesi asidi asetiki inaweza kuvuka gramu moja kwa lita. Kwenye juisi ya vinu vilivyochafuka, asidi laktiki hufika mamia ya miligramu. Kwenye kondenseti inayolisha boila ya turbini tunahesabu mikrogramu. Kutoka gramu hadi mikrogramu ni mara milioni moja, na anayenunua mashine kwa kutazama tu namba ya "kiwango cha chini kabisa" kwenye kijitabu cha muuzaji atajikuta na chombo kizuri kilichowekwa mbele ya maji yasiyo yake. Ninalinganisha hapa njia tatu za kromatografia ya kimiminika (mashine yake huitwa HPLC), yaani kusukuma sampuli kwa pampu kupitia kolamu, bomba lililojazwa chembe, ili kila kitu kitoke kwa wakati wake na kitambuzi kikichore kama kilele kwenye grafu. Ni njia ambazo maabara ya kiwanda inaweza kuzimudu, na nitasema wazi ningechagua ipi kwa maji yapi. Iwe ni Moshi, Kilombero, Kagera au Muhoroni, miwa ni miwa, na maji yake yana tabia zile zile.

Kwanza, kwa nini mita za kawaida hazitoshi

Wapo wanaouliza kwa haki kabisa: tuna mita ya pH na mita ya upitishaji umeme, HPLC ya nini? Jibu linaonekana vizuri kwenye maji ya turbini. Mitambo ya mvuke wa shinikizo kubwa hupitisha sampuli kwenye resini inayobakiza asidi tupu, kisha hupima upitishaji umeme. Maji safi kabisa kwa nyuzi 25 yana mikrosimensi 0.055 kwa sentimita, na mitambo mingi ya aina hiyo hutaka isivuke takriban 0.2. Sasa piga hesabu. Mikrogramu 10 za asetati kwa lita zinaipandisha hadi karibu 0.09. Mikrogramu 30 tu zinaifikisha 0.2. Lakini mikrogramu kama 16 za kloridi nazo zinaifikisha 0.2 vilevile. Mita inaonyesha namba moja kwa mambo mawili tofauti: asetati yaweza kuwa imetokana na kemikali za amini zinazotiwa kwenye boila na kuvunjika kwa joto, ilhali kloridi yaweza kumaanisha bomba la kondensa limetoboka na maji ya kupozea yanaingia. La kwanza linaweza kusubiri kikao cha Jumatatu. La pili halisubiri.

Kwenye kondenseti za kiwanda cha sukari kuna kipimo cha zamani cha alfa-naftoli: matone machache, kisha asidi salfuriki kali inamiminwa taratibu ubavuni mwa tyubu, na pete ya zambarau ikitokea pale vimiminika vinapokutana, sukari imevuja. Ni kipimo kizuri na kisiachwe. Lakini kinaona sukari tu. Sukari iliyokwisha kuingia kwenye boila huvunjika kwa joto ikawa asidi, na hapo pH huporomoka bila pete yoyote kutokea.

Washindani watatu kwa mtazamo mmoja

| | Kolamu ya resini | C18 | Kromatografia ya ioni |
|---|---|---|---|
| Kibebaji, yaani kinachosukumwa na pampu | asidi salfuriki 5 mM (milimoli 5 kwa lita) | bafa ya fosfeti, pH karibu 2.5 | potasiamu hidroksidi, kuanzia 1 mM na kupanda |
| Kitambuzi | mwanga wa urujuanimno wa nanomita (nm) 210, na RI (mpindo wa nuru) | urujuanimno nm 210 | upitishaji umeme baada ya sapresa (kifaa kinachoondoa kelele ya kibebaji) |
| Kinaona kuanzia | miligramu chache kwa lita | miligramu chache, isipokuwa fomiki | mikrogramu chache kwa lita |
| Kinachoisumbua | potasiamu na kalsiamu | kila kinachotoka mapema, nitrati hasa | kloridi na salfeti nyingi, rangi ya vinasi |

Jedwali linasaidia kuanza, ila uamuzi haukai ndani yake. Unakaa kwenye namna kila kolamu inavyotenganisha, kwa hiyo tuingie ndani.

Kolamu ya resini: ninayoiamini zaidi kiwandani

Hii ni kolamu nene, sentimita 30 kwa milimita 7.8, iliyojazwa chembe za polistireni zenye vikundi vya salfoniki katika hali ya hidrojeni. Inayojulikana zaidi ni Aminex HPX-87H, ingawa watengenezaji wengine wanazo za namna hiyo hiyo. Wheaton na Bauman wa kampuni ya Dow huko Marekani waliieleza kanuni yake mwaka 1953, na ni kanuni rahisi kuielewa. Uso wa resini una chaji hasi. Ioni hasi zikifika hapo husukumwa nje, haziingii kwenye vijitundu, na hutoka mapema zote pamoja. Asidi dhaifu, kwa kuwa ndani ya asidi salfuriki 5 mM pH iko karibu na 2, hubaki nzima bila chaji, huingia vijitunduni na kuchelewa. Asidi asetiki yenye pKa 4.76 (pH ambayo nusu ya asidi huwa imevunjika kuwa ioni) haivunjiki pale hata asilimia moja. Oksaliki, yenye pKa ya kwanza chini ya 1.5, huwa imevunjika kwa sehemu kubwa na hutoka mwanzoni kabisa.

Maana yake kwa kiwanda ni kubwa. Kloridi, salfeti na nitrati, zile zinazoharibu vipimo vingine vyote, hapa huondoka zenyewe mwanzoni mwa grafu kabla ya asidi unazozitaka. Huhitaji kuzitoa kwenye sampuli kwanza. Ukipitisha sampuli ya tangi la biogesi kwa mililita 0.6 kwa dakika, utaona mlima wa chumvi na rangi ndani ya dakika sita hivi za mwanzo, kisha vilele kwa mpangilio usiobadilika: sitriki, maliki, saksiniki, laktiki, fomiki, asetiki, propioniki, butiriki, na nyuma kabisa valeriki. Asetiki hutoka karibu na dakika ya 15. Butiriki hupita dakika ya 20. Ni taratibu, na anayetaka majibu ya sampuli nyingi kwa siku ataisubiri, lakini mpangilio huo ukishaukariri unaisoma grafu kama unavyosoma gazeti.

Vitambuzi viwili ni bora kuliko kimoja, na hapa ndipo wengi hubana fedha pasipofaa. Mwanga wa urujuanimno wa nm 210 unaona kundi la kaboksili, hauoni sukari, hauoni gliseroli, hauoni ethanoli. RI, kitambuzi kinachopima mpindo wa nuru, kinaona vyote. Kwenye RI, fruktosi hutoka karibu kabisa na asidi maliki, gliseroli huikaribia fomiki, na ethanoli inaweza kuifunika butiriki. Kwenye vinasi na juisi vitu hivyo vimejaa. Kwa hiyo asidi zisomwe kwenye urujuanimno, na sukari na pombe zisomwe kwenye RI. Mwenye RI peke yake atakuja kuripoti butiriki nyingi kwenye tangi la biogesi ambalo kwa kweli limeingiwa na ethanoli iliyoponyoka mtambo wa spiriti, na msimamizi atapunguza malisho ya tangi bila sababu.

Kuna asidi moja ya miwa inayohitaji tahadhari ya pekee, akonitiki. Ndiyo asidi ya kikaboni iliyo nyingi zaidi kwenye juisi ya miwa, na ina kifungo maradufu kinachonyonya urujuanimno kwa nguvu kupindukia. Kilele chake huonekana kikubwa kuliko vyote hata kiasi chake kikiwa cha kawaida. Usikadirie asidi yoyote kwa kulinganisha urefu wa vilele na jirani yake. Kila asidi ipewe mstari wake wa kalibresheni.

Udhaifu wa kolamu hii upo, tena kwa maji ya miwa ni udhaifu halisi. Vinasi ya molasi ina potasiamu nyingi, gramu kadhaa kwa lita. Kila sindano ya sampuli huacha potasiamu kidogo kwenye resini, ikichukua nafasi ya hidrojeni. Vilele huanza kusogea, kisha kupanuka. Dawa ni tatu: punguza sampuli kwa maji mara 10 au 20 kwa kuwa asidi zipo za kutosha, weka kolamu ya kinga yenye resini ya hidrojeni mbele, na kila baada ya kundi kubwa la sampuli sukuma asidi salfuriki 25 mM taratibu usiku kucha ili hidrojeni irudi mahali pake.

Jambo la pili ni umeme. Kolamu hii hufanya kazi kwa nyuzi 35 hadi 65, na chembe zake ni laini. Umeme ukikatika, oveni inapoa, kibebaji kinakuwa kizito. Umeme ukirudi na pampu ikaanza kwa kasi kamili juu ya kolamu baridi, shinikizo hupanda na chembe hugandamana. Kolamu iliyogandamana haiponi. Weka kikomo cha shinikizo kwenye pampu, anza na mililita 0.2 kwa dakika mpaka oveni ipate joto, ndipo upandishe. Mahali umeme unapoyumba, agizo hili lina thamani kuliko cheti chochote cha mashine.

Faida ya mwisho nitaitaja kwa sababu inagusa bajeti: kibebaji chake ni maji na asidi salfuriki kidogo sana. Mwishoni mwa 2008 asetonitrili iliadimika duniani na bei ikaruka, na maabara nyingi zilipata shida. Waliokuwa na kolamu ya resini hawakuguswa.

C18: uliyo nayo tayari

Karibu kila maabara yenye HPLC ina kolamu ya C18, yaani ya chembe za silika zilizovikwa minyororo ya kaboni 18, kwenye droo la pili. Ni ya bei nafuu, vilele vyake ni vyembamba, na muda ni mfupi, mara nyingi dakika 10 hadi 20. Kwa asidi za miwa zenye molekuli kubwa zaidi, kama akonitiki, au asidi zenye pete ya benzeni kama feruliki inayotokana na makapi, C18 ni bora kuliko resini. Hili nalisema bila kusita.

Tatizo lake ni asidi ndogo, na asidi ndogo ndizo tunazozitafuta. C18 hushika vitu vinavyochukia maji. Fomiki, oksaliki na asetiki zinayapenda. Hata ukishusha pH hadi 2.5 kwa fosfeti ili zibaki bila chaji, fomiki na oksaliki hutoka karibu na mwanzo, pamoja na chumvi, nitrati na sukari. Nitrati inanyonya nm 210 kwa nguvu, na sehemu ndogo tu ya nitrati inaweza kujifanya miligramu nyingi za fomiki. Kwenye resini nitrati ilikwisha ondoka zamani. Hapa imekaa juu ya kilele chako.

Tena C18 ya kawaida haitaki maji matupu. Ukiisukumia bafa isiyo na tone la metanoli kwa saa nyingi, maji huhama kutoka vijitundu vyake na muda wa kutoka unaporomoka ghafla, hasa pampu ikisimama. Zipo C18 zilizotengenezwa kustahimili maji asilimia mia. Ukiamua kwenda njia hii, nunua ya aina hiyo, na usiitumie ile ambayo jana ilikuwa kwenye kipimo cha dawa.

Kwa hiyo C18 inafaa wapi? Kwa asidi laktiki ya juisi, kama swali ni "vinu vimechafuka au havijachafuka" na huna fedha ya kolamu nyingine. Laktiki nayo hutoka mapema, ila baada ya fomiki, na kiwango unachokitafuta ni kikubwa. Thibitisha tu kwamba kilele cha jirani hakijaungana nayo. Kwa biogesi nisingeitumia ila kwa dharura, kwa kuwa asetiki ndiyo roho ya kipimo na hapa iko pabaya.

Kromatografia ya ioni: kwa maji masafi

Mwaka 1975 Small, Stevens na Bauman, Bauman yule yule wa 1953, walichapisha njia ya kupima ioni kwa upitishaji umeme baada ya kuondoa kelele ya kibebaji chenyewe. Kifaa kinachoondoa kelele hiyo ndicho sapresa. Kolamu hushika ioni hasi, potasiamu hidroksidi huzisukuma zitoke moja baada ya nyingine, kisha sapresa hugeuza hidroksidi kuwa maji. Kinachobaki mbele ya kitambuzi ni asidi ndani ya maji karibu safi. Ndiyo maana inaona mikrogramu wakati wengine wanaona miligramu.

Kwa kondenseti na maji ya kulisha boila ya shinikizo kubwa hakuna mbadala wa kweli kati ya hizi tatu. Tena hukupa kloridi, salfeti na asetati katika grafu moja, na swali lile la awali, asetati au kloridi, linajibiwa ndani ya nusu saa.

Ila ina masharti. La kwanza, asetati, laktati na glikolati hutoka zimekaribiana sana, mapema, karibu na floridi. Kuzitenganisha kunahitaji kolamu ndefu ya hidroksidi na kuanza na mkolezo mdogo kabisa, 1 mM hivi, kisha kupandisha. Mashine za bei ya chini zinazotumia kaboneti ya mkolezo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho ni nzuri kwa kloridi na salfeti ya maji ya kunywa, lakini asetati na fomati mara nyingi huzama pale mwanzoni. Ukiona muuzaji anakuonyesha grafu nzuri ya ioni saba, muombe akuonyeshe asetati, glikolati na fomati katika grafu hiyo hiyo kabla hujasaini chochote.

La pili, kalibresheni haiwi mstari ulionyooka. Asidi asetiki ni dhaifu. Ndani ya seli ya kitambuzi, ikiwa na mikrogramu 60 kwa lita, asilimia 95 hivi imegawanyika kuwa ioni na inapitisha umeme. Ikifika miligramu 6 kwa lita, ni kama theluthi tu iliyogawanyika. Ukilazimisha mstari mnyoofu kwenye data hiyo, sampuli kubwa zitasomeka ndogo. Tumia mkunjo, na utengeneze myeyusho wa rejea ulio karibu na kiwango unachokitarajia.

La tatu ni vinasi. Inawezekana kuipima kwa ioni ukiipunguza mara mamia, na wapo wanaofanya. Mimi sipendekezi. Melanoidini, zile zinazoipa vinasi rangi ya kahawia, zina chaji hasi na hung'ang'ania kolamu, na kolamu uliyoinunua ili ione mikrogramu za boila haifai kuchafuliwa hivyo. Kama lazima, kolamu mbili tofauti na njia mbili za sampuli.

Ipo njia ya kati: kolamu ya kuzuia ioni, kama ile ya resini, ikiunganishwa na sapresa na kitambuzi cha umeme badala ya urujuanimno. Inafaa sana pale kondenseti inapokuwa na chumvi nyingi na asidi kidogo, kwa mfano maji ya kupozea yanapovujia ndani. Ni ya mtu aliyekwisha zoea hizo mbili.

Kuhusu spektrometria ya tungamo, naipita haraka. Asidi fomiki na asetiki ni ndogo mno kuonekana vizuri bila kuunganishwa kwanza na kemikali nyingine, na kiwanda kinachohitaji jibu kabla ya zamu kubadilika hakina muda huo. Kromatografia ya gesi nayo ni nzuri kwa asetiki hadi valeriki, lakini kitambuzi chake cha mwali karibu hakioni fomiki, na laktiki hairuki.

Maji kwa maji

Juisi ya vinuni: resini, ukisoma laktiki kwenye urujuanimno. Pima juisi ya kinu cha kwanza na juisi iliyochanganywa siku hiyo hiyo. Laktiki ya kinu cha kwanza imetoka shambani, miwa iliyochelewa baada ya kukatwa au kuchomwa. Tofauti kati ya hizo mbili imezaliwa vinuni, na hiyo ndiyo ya msimamizi wa usafi. Bila kipimo cha pande mbili, wakulima watalaumiwa kwa uchafu wa kiwanda, au kiwanda kwa ucheleweshaji wa malori.

Kondenseti: hapa tenganisha. Kondenseti ya chombo cha kwanza cha kukoleza juisi inatokana na mvuke uliotoka turbini, na ndiyo inayorudi boila. Hiyo ipelekwe kwenye ioni. Kondenseti za vyombo vinavyofuata zimetokana na mvuke wa juisi yenyewe, hivyo hubeba kila asidi inayoruka. Mara nyingi hizo zina miligramu za kutosha kuonekana kwenye resini, na kwa kuwa hutumika kulowesha makapi vinuni au kuoshea, jibu la resini linatosha.

Tangi la biogesi: resini tena, bila mjadala. Titresheni ya asidi salfuriki inayotoa uwiano wa asidi na alikali ifanyike kila siku kwa sababu ni rahisi na ya haraka, lakini haikuambii ni asidi gani. Inayotangulia kuonya ni propioniki. Kanuni inayotumika sana ni kwamba uwiano wa propioniki kwa asetiki ukivuka 1.4, tangi linaelekea kufa, na asetiki ikivuka miligramu 800 kwa lita uangalizi uongezwe. Vikomo hivyo visichukuliwe kama sheria ya mbinguni, kwa kuwa kila tangi lina mazoea yake; mwelekeo wa wiki mbili unasema zaidi ya namba ya siku moja. Na ukitaka kulinganisha na COD, yaani oksijeni inayohitajika kuoksidisha uchafu wa maji kwa kemikali, zidisha: gramu moja ya asetiki ni gramu 1.07 za COD, propioniki 1.51, butiriki 1.82. Ukiona jumla ya asidi zako imezidi COD iliyochujwa, kipimo kimoja kimekosea. Haya yote yanahusu pia maji ya mkonge. Kwenye shamba la Hale mkoani Tanga mtambo wa biogesi wa mabaki ya mkonge ulijengwa mwishoni mwa miaka ya 2000, na asidi za tangi la mkonge husomwa kwa kolamu hiyo hiyo.

Chupa huharibu kuliko mashine

Tofauti kati ya kolamu nzuri na kolamu bora ni asilimia chache. Tofauti kati ya sampuli iliyotunzwa na iliyoachwa dirishani ni kila kitu. Juisi ya miwa kwenye joto la Morogoro huendelea kutengeneza laktiki ndani ya chupa. Maji ya biogesi huendelea kula asetiki. Kondenseti yenye mikrogramu chache za asetati inaweza kusomeka sifuri kesho yake, kwa sababu bakteria wachache wameila.

Kwa juisi na biogesi: shusha pH hadi 2 papo hapo kwa asidi salfuriki, barafu, zungusha kwenye sentrifuji, chuja kwa kichujio cha mikroni 0.2. Usitumie asidi nitriki, kwa sababu ile nitrati ya nm 210. Kwa kondenseti ya kromatografia ya ioni usitie asidi yoyote, salfeti itafunika kila kitu. Chupa ya plastiki iliyosuuzwa mara nyingi kwa maji safi ya megaomu 18.2, ijazwe hadi mdomoni pasibaki hewa, iwekwe kwenye barafu, ipimwe siku hiyo hiyo. Vichujio vya selulosi asetati viepukwe kwenye maji masafi, visije vikaongeza kile unachokipima. Polietasalfoni iliyosuuzwa ni salama zaidi. Na chumba chenye chupa ya asidi asetiki iliyofunguliwa kwa kipimo kingine hakifai kupimia mikrogramu za asetati. Hewa yenyewe inaipeleka kwenye sampuli.

Ningenunua nini

Kiwanda chenye fedha ya mfumo mmoja na boila za shinikizo la wastani: HPLC yenye oveni ya kolamu, urujuanimno na RI, kolamu moja ya resini, na kolamu za kinga tatu au nne akibani kwa sababu kuagiza nje huchukua wiki. Kiwanda kinachouza umeme kwenye gridi kwa turbini ya shinikizo kubwa kiongeze kromatografia ya ioni, iwekwe karibu na nyumba ya boila, mbali na vinasi. Maabara ya chuo au ya mkoa inayopokea sampuli za kila aina na tayari ina HPLC haihitaji mashine mpya hata kidogo: kolamu ya resini inafungwa kwenye HPLC iliyopo, mradi oveni inafika nyuzi 50.

Kabla ya kuamini namba ya kwanza, njia yoyote uliyochagua ijaribiwe juu ya maji yenyewe. Gawa sampuli mara mbili, moja iongezwe kiasi kinachojulikana cha asetiki kinacholingana na kile unachodhani kimo, zipimwe zote. Tofauti irudishe kati ya asilimia 90 na 110 ya ulichoongeza. Ikirudisha 140, kalibresheni au maji yenyewe yanapotosha kipimo. Kitu kilichojificha chini ya kilele hakionekani kwa njia hii, kwa kuwa kimo kwenye sehemu zote mbili na hujifuta kwenye tofauti; kukitafuta, badili joto la kolamu kwa nyuzi 15 na upime tena, na kama kilele kitapasuka viwili, utakuwa umeshamjua mgeni wako.